Dumu la Kuoshea Mapanga

Jumatatu, 3 Machi
Mgongo umegoma kunyooka. Tumechovya miche sitini ya migomba ya shangazi kwenye maji ya bakteria, mmoja mmoja, mizizi yote. Shamba lake lina ule ukungu wa mnyauko. Msimu uliopita ulimmalizia migomba, hakubakiwa hata na mmoja. Hakutaka kupanda tena pale. Ni mimi niliyemwambia bakteria hawa ni walinzi—wakiwahi kukaa kwenye mizizi, ukungu hauna pa kupita. Akacheka. Eti maisha yake yote anafukuza vijidudu, leo namletea vingine kwa dumu! Lakini akapanda. Kwa neno langu tu.

Jumatano, 5 Machi
Kisahani kitupu! Kila tukichovya naweka tone la maji yale kwenye kisahani cha maabara, nione kama bakteria wako hai. Siku mbili, hakijaota kitu. Nikaenda stoo, nikanusa dumu. Klorini. Ndilo lile la kuoshea mapanga yasisambaze ugonjwa! Langu lilikuwa linavuja, nikanyakua hilo kwa haraka zangu. Nimewaua walinzi wote kabla hawajaingia kazini.

Mkuu wa maabara akapita, akauliza vipi matokeo. Nikasema wameota vizuri. Tena nikaandika kwenye daftari, mwandiko mzuri kabisa.

Alhamisi, 6 Machi
Roho inanisuta.

Jumanne, 11 Machi
Dawa ipo: kumwagilia upya kwa bakteria hai, ndani ya wiki mbili tangu kupanda. Wamo kwenye friji ya mkuu. Ila ukiwachukua, lazima uandike sababu. Nikashika kalamu. Nikairudisha. Mwoga mkubwa mimi!

Jumamosi, 15 Machi
Niko chumbani kwa shangazi, nimekaa chini, nimeegemea mlango.

Nilikuja kumwambia. Wallahi nilikuja kumwambia! Akanishika mkono, tukazunguka shamba zima. Kila mche umetoa jani jipya. Amefurahi huyo, utadhani kapata wajukuu sitini. Sasa hivi hakuna kitakachoonekana—ukungu hauna haraka, unakula chini kwa chini, majani yatageuka njano miezi ijayo. Keshokutwa wiki mbili zinaisha.

Kumbe kuna mgeni. Jirani yake, naye shamba lake limekufa kwa mnyauko, haamini mambo ya vijidudu. Wamebishana asubuhi nzima. Shangazi kamwambia mtoto aliyemlea kwa mikono yake hawezi kumdanganya. Kisha akanigeukia:

"Mwambie mwenyewe, mama. Wako hai, hawako hai?"

Nikasema ngoja nilete daftari la matokeo. Ninalo hapa mapajani. Wameota vizuri. Nimeandika na kupigia mstari, loo!

Nimeandika chini yake: HAWAKUOTA. Herufi zimelala upande.

Shangazi anaita. Anasema chai inapoa, nije na hilo daftari, jirani asome kwa macho yake.