Ovaroli Elfu Tatu kwa Bei ya Moja

Mdogo wangu,

Uniwie radhi kwa kukaa miezi minne bila kukujibu, hali barua zako tatu zimenifikia zote. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua ninapopanda ngazi za ofisi. Natumaini shemeji na watoto hawajambo, na kwamba mama, unayeishi naye, ameanza kupata nafuu ya kifua. Msomee salamu tu; yaliyobaki usimsomee.

Unauliza imekuwaje kampuni uliyoishonea kwa miaka kumi na tisa ikudai leo ovaroli elfu tatu kwa bei isiyotosha kununulia hata uzi wa kifungo kimoja.

Mkurugenzi mpya, ambaye watu humwita Mkasi, alitukuta tukinunua kila kitu kwa mafaili na mazoea. Akasema kuanzia sasa kila muuzaji atashindana mtandaoni, bei zake zionekane na kamati nzima ya ununuzi, na asiyeweza kompyuta akauze karanga. Kusema kweli mfumo ni mzuri. Wauza rangi wetu watatu, kumbe, walikuwa wa nyumba moja. Sasa tunanunua rangi kwa nusu ya bei. Lakini mimi, mkuu wa ununuzi, niliambiwa mbele ya watu kwamba nafanana na kabati la mafaili, na kwamba kabati hilo litatolewa mwisho wa mwaka. Karani mmoja akauliza kama litatoka na kutu yake. Wote walicheka.

Ndipo zabuni ya ovaroli ilipotangazwa. Desturi yetu unaijua: ulikuwa ukileta sampuli, ukiacha nafasi ya bei wazi, kisha tukipatana ana kwa ana. Mfumo haukubali nafasi wazi. Wewe ukajaza shilingi moja ili ukurasa uendelee, ukangoja kuitwa tuzungumze. Hukuitwa. Kompyuta ilikupa ushindi, na wajumbe wa kamati walicheka hadi machozi. Mkasi alisema fundi huyu ama ni mtakatifu ama ni mwehu, na kwamba vyovyote iwavyo mkataba ni mkataba.

Nasikia umeuza vyerehani sita ili upate kitambaa cha shehena ya kwanza, na kwamba mafundi wako wanakuita Bwana Bure. Shehena hiyo tumeipokea. Mishono ni safi. Niliikagua mwenyewe, nikarudisha ovaroli kumi na mbili ambazo mifuko yake imepinda.

Katika barua ya mwisho unamlaumu mtaalamu wetu wa kompyuta kwa kutoliona kosa lako, na unaniomba nimshughulikie. Mwache. Kosa hilo nililiona mimi, siku mbili kabla ya muda wa zabuni kwisha. Kila zabuni ilipitia kwangu kwanza, na kitufe cha kuirudisha isahihishwe kilikuwa mbele ya macho yangu. Nilijua ni wewe, na nilijua umekosea wapi, maana mimi ndiye niliyekufundisha usiandike bei kamwe kabla hatujaonana. Nilijua pia kwamba hakuna mkuu wa idara ambaye angeonyesha punguzo kubwa kuliko hilo. Nikabonyeza kitufe cha kukubali. Wiki iliyofuata niliongezewa miaka miwili kazini, na Mkasi akanipa mkono.

Sikuandikii kuomba msamaha. Nakuandikia kwa sababu ombi lako la kufunguliwa mkataba litasikilizwa na kamati Jumanne. Tuko watano. Wawili wanataka uachiliwe. Wawili wanataka ushone hadi ovaroli ya mwisho, au uzuiwe kuziuzia kampuni zote tunazoshirikiana nazo. Wa tano ni mimi. Nikikuachilia, punguzo lile linafutwa, nami nafutwa pamoja nalo. Usije ofisini kunibembeleza. Mlinzi ameagizwa asikufungulie.

Mwambie mama kwamba nakula vizuri na nalala vizuri. Kura zikishahesabiwa, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Ni mimi kaka yako,
Mkuu wa Ununuzi