Mwalimu Aliyepakia Godoro

Ujiji,
Jumapili jioni.

Domitila,

Huna haya. Mwalimu mzima, umeajiriwa na serikali, unaniandikia nikutandikie kitanda kwa sababu watoto wa Kagunga wamekushinda? Nilisoma barua uliyompa Bonaventura wa boti, nikairudia nikidhani macho yangu ndiyo mabovu. Macho ni mazima. Mbovu ni wewe.

Haya, salamu sasa, wasije wakasema hatukukulea. Hujambo, mjukuu wangu, mke mwenzangu? Tumbo linaendeleaje na maji ya huko? Mimi ni mzima, ila goti linanisumbua nikitoka sokoni. Baba yako mdogo Erasto anakusalimu, naye amekukasirikia, nimemwambia akasirike. Ningekupigia nikuseme kwa mdomo, lakini kila nikipiga huko kwenu mpakani napokelewa na mwanamke wa mtandao wa Burundi anayeongea Kifaransa. Juzi nilimtukana, Erasto akaniambia ile ni mashine. Ndiyo maana naandika kwa mkono wangu na darasa langu la nne, na ole wako ucheke mwandiko.

Unasema darasa linakaa tupu wiki nzima, eti wazazi wa huko hawajali elimu na watoto ni watoro. Yewe! Uliangalia mwezi? Hilo ni giza, siku zisizo na mwezi. Watu wanavua kwa taa usiku, alfajiri dagaa wanafika, sasa unadhani nani anaanika? Mbalamwezi ikiingia, wavuvi wakapumzika, utawaona watoto hao wamejaa hadi dirishani. Angekuwa mgeni wa Dodoma ndiye analalamika, ningemsamehe. Wewe umezaliwa Mwamgongo, umekua mgongoni kwangu ukinuka dagaa, leo chuo kimekuosha mpaka umesahau maisha ya kwenu!

Tena umesahau aliyekufundisha. Mwalimu Leodgar, yule mtu wa Songea, hakukungoja darasani. Giza likiingia alishuka ufukweni na ubao kichwani, akauegemeza kwenye mtumbwi, akawafundisha kugawanya huku mkigeuza dagaa. Mimi mwenyewe nilimfokea kwamba anatuchelewesha, jua halimsubiri mwalimu. Akanijibu kwa adabu kuwa mikono yenu niendelee nayo, yeye anataka masikio tu. Nikamwachia masikio, na wewe unajua mimi humwachia mtu kitu mara ngapi. Bila mtu yule ungekuwa unaanika mpaka leo, na ungeanika vibaya, maana ulikuwa mvivu.

Lakini kilichonichoma zaidi ni pale ulipoandika kwamba Mwalimu Leodgar alikuwa na wito, wewe huna. Wito! Nikajifunga kanga, nikapanda gari hadi Kidahwe, ambako amestaafu anahangaika na michikichi yake. Nikamuuliza huo wito aliupata wapi, na kama umebaki kidogo anipe nikuletee.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua, na wewe hulijui ingawa ulikuwepo. Mwaka wake wa kwanza pale Mwamgongo, Mwalimu alitukimbia. Harufu ya dagaa ilimtapisha, darasa tupu likamliza, wala hakuaga mtu. Alipakia sanduku na godoro kwenye boti ya Kigoma, sisi tukadhani anafuata mshahara mjini. Boti inasukumwa, binti mmoja wa darasa la tatu akaingia majini hadi kiunoni, magamba ya samaki yamemganda mikononi, akamwagiza asisahau chaki, kwa kuwa zimebaki vipande vipande. Godoro aliliona. Lakini haikumwingia akilini kwamba mwalimu anaweza kuondoka asirudi.

Mwalimu alishindwa kumwambia. Akaenda kulala Kibirizi, boti zinakofikia, akigeukageuka juu ya godoro hilo hilo, kulipokucha akanunua chaki, akapanda boti ya kurudi. Anasema haukuwa wito, ilikuwa aibu. Wito ulikuja baadaye, taratibu, na siku nyingine haukuja kabisa, naye akafundisha hivyo hivyo.

Nikamuuliza mtoto huyo alikuwa wa nani. Akanitazama kama mwanafunzi mzito, akasema, wa kwako wewe, mama.

Ndiyo. Ni wewe, Domitila, na chupi yako imelowa, uliyemrudisha mwalimu yule. Waliosoma wote nyuma yako pale Mwamgongo, manesi na mafundi na yule wa mahakamani, wamesoma kwa sababu yako. Nililia mbele yake. Usimwambie Erasto.

Kwa hiyo usiniletee tena habari za wito. Kitanda hakuna. Chumba chako nimempangisha fundi cherehani, ameshahamia na mashine yake. Bonaventura naye nimemwambia siku akikupakia wewe na mizigo, asinisalimie tena maishani.

Mwalimu Leodgar anakusalimu sana, anasema hata yeye alikuwa anakuogopa kidogo. Nisalimie mama anayekupikia, na kula ushibe, umekonda kwenye ile picha. Nakupenda, ingawa unanichosha.

Barua hii ikikufikia, giza litakuwa halijaisha. Usipige kengele. Shuka ufukweni alfajiri, waamkie akina mama, saidia kuanika kwanza, ndipo uombe nafasi ya kusimamisha ubao.

Bibi yako,
Esther.