Mama Mkwe Anataka Dawa ya Panya

Mpendwa mshauri,

Naomba unishike mkono, nyumba inanishinda. Mimi ni mtafiti wa chuo kikuu, kazi yangu ni kutafuta dawa mpya ya kisukari, na kule maabara tuna panya wenye ugonjwa huo tunaowajaribia dawa yetu, sasa sukari yao ilipoanza kushuka mimi kwa furaha nikaibeba habari hadi mezani, mbele ya mume wangu na mama mkwe, ambaye ana kisukari na tunaishi naye. Mama akaweka kijiko chini. "Yaani panya wanapona, mimi mkweo nabaki na vidonge vilevile?" Nikacheka. Kumbe mwenzangu hatanii. Tangu siku hiyo ananipigia pasi koti la maabara, ananiita "daktari wangu" hata mbele ya fundi bomba, na anaomba chupa moja tu, "hata aliyoibakiza panya." Juzi akiwa saluni akawatangazia wenzake kwamba mkwe wake atamletea dawa ya panya anywe, apumzike na mateso, basi saluni nzima ikapiga kelele, msusi akampigia simu wifi yangu, wifi akaja mbio na kandambili za bafuni akilia, "Mama, tumekukosea nini hata ujiue?" Tulicheka mpaka tukakaa sakafuni. Ila katika kujieleza, mama akasema vidonge vyake ameshaviacha, anangoja dawa yangu. Kicheko kikanikauka. Mume wangu naye ananinong'oneza, "Mpe kidogo tu, itamdhuru nini?" Na ambalo sijamwambia mtu nyumbani ni kwamba baadhi ya wale panya sukari imeshuka, lakini maini yameharibika. Nikisema, wataniona mchoyo anayetafuta kisingizio. Nikinyamaza, mama anazidi kudhoofika. Nifanyeje?

Mkwe Kipenzi

Mkwe Kipenzi,

Nilicheka hadi chai ikanimwagikia, kisha nikafika kwenye vidonge nikaweka kikombe chini. Hilo halikuwa la kungoja gazeti litoke, ndiyo maana nilikupigia asubuhi ileile kwa namba uliyoiacha kwenye barua. Wasomaji nao wasikie nilichokwambia.

Pole, mwanangu, kupendwa na mkwe ni raha. Lakini usinidanganye kwamba uliogopa kuitwa mchoyo. Uliogopa kushuka cheo cha "daktari wangu"! Sukari iliyoshuka uliileta mezani, maini ukayaacha maabara. Nikakuamuru: mama aende kliniki leo, na maini yafike mezani leo.

Umetii, hongera. Sukari yake ilikutwa juu, daktari akamrudisha kwenye vidonge. Jioni ukawakalisha mama na mumeo ukasema yote. Umeniambia mama aliuliza, "Hao panya walioumia, nani anawauguza?" Halafu akamgeukia mwanawe: "Na wewe ndiye uliyesema anipe kidogo?" Ningelipa kiingilio kuiona sura ya mumeo.

Sasa sikiliza. Chupa ya maabara isivuke mlango wa maabara, hata mama akilia. Dawa ikifikia kujaribiwa kwa watu, madaktari wasio ndugu zake ndio wataamua kama anafaa, wewe kaa pembeni. Habari za kazi mpe nzuri na mbaya, ana akili ya kuzipokea. Na miadi ijayo ya kliniki usiende wewe. Aende mumeo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na haraka ya kumtibu.