Nyasi za Kati Yetu na Wajomba

Nairobi, Jumapili

Mama yangu,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Magoti yako yanasemaje na mvua hii? Muhogo umekomaa, au bado mnanunua sokoni Koboko? Mimi mwili ni mzima. Kilichobaki usiniulize.

Ndugu yetu Taban alinipigia simu juzi. Anasema kampuni ya nyumba inataka lile pori la nyasi kati ya kijiji chetu na kijiji cha kaka zako, upande wa Dranya, na ukoo wote utie dole gumba kukubali. Nikamuuliza: si wazee wa pande zote mbili walikubaliana pale pasijengwe, pabaki malisho na nyasi za kuezekea? Akacheka.

"Ndugu yangu, ile nyasi iko na kazi gani sasa? Nyumba zote hapa iko na mabati, na ni wewe ulituma. Hakuna mutu anakata. Pale iko bure tu."

Mama, neno hilo limenichoma. Nilianza huku kwa kubebea mafundi maji ya saruji, leo mafundi ni wangu. Mabati yale ni jasho langu, nao wameyageuza ushahidi. Tena mkutano wa ukoo umeshaitishwa, mimi naambiwa kama mpita njia.

Kazi yangu ni nyumba, kwa hiyo sikisii. Wanataka kujenga mia tatu. Hayo ni mashimo mia tatu ya choo juu ya kijito kimoja mnakoteka maji nyinyi na wajomba. Na mbuzi wapite wapi? Mimi naishi kwenye mtaa wa namna hiyo, niliujenga mwenyewe. Majuzi homa ilinilaza karibu wiki nzima. Ukuta wangu na wa jirani ni mmoja. Nilisikia redio yake, naye alisikia kikohozi changu. Hakugonga mlango.

Basi nisemee mkutanoni. Wewe ulizivuka nyasi zile ukija kuolewa, hakuna wa kukunyamazisha. Sema Isaka hatii dole. Kisha kiangazi, kabla pori halijachomwa, waite wajomba mkate pamoja kama zamani. Nyumba yangu ya hapo nyumbani ing'oeni mabati, muiezeke nyasi. Ikivuja, ivuje.

Nisalimie dada Poni, na mjomba mkubwa mfuga nyuki. Taban naye msalimie. Mwambie apige simu tena, hata kama ni kunigombeza. Huku hakuna wa kunigombeza.

Mwanao,
Isaka