Tabaka Tatu za Mama Prezida

Jumanne, 9 Septemba

Mashine imekata uzi mara sita. Uzi wa bei ya chini, najua, nisilalamike.

Asubuhi baridi, saa sita joto, saa kumi manyunyu. Nimetoka nyumbani na sweta, kitenge mabegani. Saa nne sweta likaingia kwenye mfuko. Saa sita kitenge kikafungwa kiunoni. Jioni vyote vikarudi mwilini. Durban mwezi wa tisa ndivyo ilivyo, unavaa vitu vya kuvua. Hata mtoto wa chekechea anajua.

Mama Prezida hajui. Ameingia kibandani kwangu na simu mbele kama anabeba sadaka. Yeye ni mkubwa wa korali yetu ya akina mama. Mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo, na ndiye fundi wao wa nguo. Mpwa wake yuko Ubelgiji, kamtumia picha. Blauzi nyeupe ya mikono mirefu, juu yake gile ya njano isiyo na mikono, juu yake tena vesti ya bluu, koti la mikono mirefu lenye bitana. Tabaka tatu. Anasema ndiyo mtindo wa majira ya katikati, Ulaya yote wanavaa hivyo sasa. Tarehe 9 Novemba tunaimba Pinetown, siku ya makorali yote. Anataka seti kumi na sita.

Nikamwambia kule Ubelgiji sasa wanaingia baridi, sisi tunatoka. Akaniambia mtindo ni mtindo. Debe tupu.

Jumapili, 14 Septemba

Mkutano baada ya ibada. Nilisimama. Nikasema vizuri kabisa, kwa heshima ambayo hakustahili: tabaka si mbaya, lakini tabaka ni za kuvua. Tushone vitambaa vyepesi. Asubuhi uvae zote, jua likipanda uvue moja, likizidi uvue nyingine.

Akacheka. Akauliza kama nimewahi kuona askari anavua koti kwenye gwaride. Wote wakacheka, hata wale ambao wiki iliyopita walikula ugali wangu.

Kisha akaweka sheria. Vifungo vyote, tabaka zote, mwanzo hadi mwisho. Atakayefungua hata kifungo kimoja anarudi mstari wa nyuma, na nafasi yake anapewa mwingine. Alimtazama Mado. Mado ana miaka ishirini na nne, anauza simu mjini, ana sauti ya kioo na kichwa cha kuku.

Niandike ukweli hapa, maana kwingine siuandiki. Ile nafasi ya mbele ndicho kitu changu pekee katika mji huu. Kibanda cha kupanga. Nyumba ya kupanga. Makaratasi ya ukimbizi ya kuombea kwenye foleni. Nikisimama mbele na kuanzisha wimbo, sipangi kwa mtu.

Jumatano, 1 Oktoba

Seti tano zimekwisha. Kazi nzuri. Wazo la kijinga, mshono safi.

Nilijaribu ya kwangu mbele ya kioo na joto likapanda. Si joto la mji. Lile lingine. Linaanzia kifuani, linafika masikioni, jasho linatoka kama mtu kanimwagia maji. Hedhi ilikoma Pasaka. Tangu hapo hivi, mara nane kwa siku, mara kumi. Juzi lilinishika ndani ya taxi, nikafungua dirisha, mtu wa nyuma akanitukana kwa Kizulu. Alikuwa na haki, mvua ilikuwa inamnyeshea.

Baba Neema anadhani ni malaria. Mume wangu anapanga mizigo ghalani Clairwood, anajua uzito wa kila kontena, mwili wa mke wake hajui. Sijamwambia. Sijamwambia mtu. Kwetu mwanamke akisema neno hilo, siku hiyo hiyo wanamwita bibi na kumtafutia kiti cha nyuma.

Jumamosi, 11 Oktoba

Aibu. Mazoezi na nguo zote. Wimbo wa kwanza nikavumilia. Wa pili joto likanipanda katikati ya ubeti, macho yakaona giza, mkono ukafungua vesti wenyewe. Vifungo viwili tu!

Mama Prezida akasimamisha wimbo. Akanyamazisha watu kumi na watano kwa ajili ya vifungo viwili. "Mama Neema, ni wewe ulizishona. Aibu." Akasema ni mara ya kwanza na ya mwisho. Ya pili, Mado.

Mado akainamisha kichwa kama bikira. Nilimwona akitabasamu chini.

Na huyo mama mwenyewe? Amekaa pale, tabaka tatu, wigi, poda, mkavu kama kuni. Hatoki jasho. Lazima uwe na damu ndipo utoke jasho. Namchukia. Namchukia poda yake, na mkoba wake, na vile anavyoimba nusu noti chini ya watu wote na kufunga macho kana kwamba malaika wanamsikiliza.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimepata! Kwa nini sikufikiri mapema? Masista wa Uvira, kwetu Kongo, hawakunifundisha kushona bure.

Nimefumua seti yangu yote kwa wembe. Kutoka kwenye blauzi nimechukua kola, kipande cha kifua chenye upana wa kiganja, na ncha za mikono. Kutoka kwenye gile, kipande cha mbele tu. Vyote nimevishonea ndani ya vesti. Bitana nimeitoa, nikaitupa. Ukiniona mbele, blauzi, gile, vesti, tabaka tatu kama Ubelgiji. Ndani hakuna kitu. Sidiria na hewa ya Mungu.

Nimeivaa nikatembea kibandani. Nikainua mikono. Upepo unapita mgongoni. Nilicheka peke yangu hadi jirani wa saluni akachungulia kuuliza iko nini.

Wengine waive. Walicheka kwenye mkutano, waive.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mazoezi ya mwisho na nguo kamili. Nje joto la kukausha samaki. Nimeimba nyimbo tano bila kugusa kifungo. Joto langu lilipanda mara mbili, likapata njia, likatoka.

Mado poda imeshuka hadi kidevuni. Wawili waliomba kukaa. Mimi nimesimama kama nguzo.

Mama Prezida akaja akanishika kola, akainyoosha, akasema: "Munaona? Mama Neema amejifunza." Alishika kola ile ile na hakuona kitu! Anajiita mjuzi wa mavazi. Nikamwambia aksanti, Mama Prezida, kwa sauti tamu ya asali. Nikatoka nje nikasonya hadi meno yakauma.

Kumdanganya mjinga hakuna utamu mkubwa. Lakini utamu upo.

Ijumaa, 7 Novemba

Nguo zote zimepigwa pasi. Koo zuri. Usingizi mbaya.

Wanasema Jumapili kutakuwa na upepo wa moto. Na uje.

Jumapili, 9 Novemba

Nianze wapi.

Asubuhi Pinetown ukungu. Tulishuka kwenye taxi tunatetemeka, vesti zimefungwa vifungo vyote, na watu wa makorali mengine, waliovaa vitenge vyepesi, wakatutazama kwa wivu. Mimi peke yangu nilikuwa nasikia baridi ya kweli. Ndani ya vesti mgongo wazi. Meno yanagongana.  Saa nne ukungu ukaondoka. Saa tano upepo ukaanza, ule wa kutoka bara, unaokuja kama mtu kafungua oveni. Ukumbi una paa la bati. Saa sita, watoto walikuwa wamebaki na fulana, mchungaji mwenyeji amevua koti na tai.

Tumejipanga mlangoni, korali ya saba. Mimi mbele, natabasamu. Nikimwona mmoja anajifuta, nafurahi. Niandike hilo pia.

Mama Prezida akapita mbele ya mstari. Akasimama. Akatazama watu wake, wamelowa wote. Akasema kwa nguvu, kila mtu asikie:

"Bamama, Mama Neema alikuwa na haki. Hizi nguo ni za kuvua. Wimbo wa pili, kwenye kiitikio, wote munavua vesti, munapunga juu. Wimbo wa tatu munavua gile. Mama Neema anaanza, nyinyi munafuata."

Miezi miwili nilingoja aseme maneno hayo. Eish. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nilifungua mdomo niseme kitu, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa na watu wanapiga makofi.

Wimbo wa kwanza sikumbuki. Wimbo wa pili ni ule wetu wa kutua mizigo, naanzisha mimi, wanapokea. Nikaanzisha. Sauti haikunitupa, hiyo tu. Kiitikio kikafika. Nyuma yangu nikasikia vifungo, kisha vesti kumi na tano hewani, bluu tupu. Ukumbi ukapiga kelele za furaha. Na mimi mbele kabisa, peke yangu, nimefunga vifungo vyote, mikono imeshika kifua kama mtu anayeficha kuku wa wizi.

Kiitikio mara ya pili. Nikaona watu wa mbele wanaanza kunong'ona. Na joto langu, Mungu wangu, joto langu likachagua saa hiyo. Nikasikia viatu vya Mama Prezida nyuma. Alitoka kwenye mstari wake akiimba, akaja kunisaidia kuvua, na tabasamu la mbele ya wageni. Akanishika kola kwa mikono miwili. Vidole vikaingia ndani ya kola, vikashuka kutafuta blauzi.

Vikakuta ngozi. Imelowa.

Vidole vikasimama. Niliendelea kuimba. Nilikuwa naimba na nangoja ainue vesti, maana mimi ningeinua. Lazima nisiseme uongo hapa. Ningekuwa mimi nyuma yake, ningeinua, halafu ningeomba msamaha kwa sauti ya asali.

Akaniambia sikioni, "Pole, mama." Akarudisha kola mahali pake, akaipapasa ikalala. Kisha akarudi kwenye mstari, akavaa vesti yake. Akafunga kifungo kimoja kimoja, anaimba kwa nguvu, nusu noti chini, na akawaashiria wote kwa mkono. Wakatazamana. Wakavaa. Mado alivaa ya kwake ndani nje. Ukumbi ukasimama ukapiga makofi, wakidhani ndivyo tulivyopanga. Wimbo wa tatu hakuna aliyegusa gile.

Wakati wa kutoka nilimwona Mama Prezida ameshika ukuta. Anatembea polepole, mdomo wazi. Nilipita.

Jumatatu, 10 Novemba

Sikufungua kibanda. Nimemwambia Baba Neema ni malaria. Akaniletea dawa ya malaria.

Mama Prezida anangoja nini? Ananiweka kama nyama kwenye friji, atanitoa siku anayotaka. Pengine Jumatano, mkutanoni, wote wakiwepo. Ndivyo ningefanya.

Sitaki fadhila yake. Miaka minne nimemdharau, nilikuwa nimezoea, ilikuwa raha. Leo nimejaribu kumdharau tangu asubuhi na hainogi. Najidharau mimi, na hilo halina ladha yoyote.

Jumatano, 12 Novemba

Mkutano. Nilikaa karibu na mlango. Nilikuwa nimeamua, akianza tu kusema, natoka, sirudi, Mado abaki na nafasi na kichwa chake cha kuku.

Mado mwenyewe akauliza. Kwa nini tulivaa tena vesti, na kwa nini Mama Neema hakuvua? Wote wakanigeukia.

Mama Prezida hakuinua macho kwenye daftari lake. Akasema ulikuwa mpango wake. Mmoja anabaki amevaa, wengine wanavua na kuvaa, ndivyo majira ya hapa yanavyofanya. Akasema wageni walielewa, ni ajabu watu wa nyumbani hawakuelewa. Mado akakaa. Kisha Mama Prezida akasoma majina ya watakaoimba Krismasi. Anayeanzisha nyimbo, Mama Neema.

Hakunitazama hata mara moja. Nilirudi nyumbani na hasira ambayo sijui niiweke wapi. Ningependa anitukane.

Alhamisi, 13 Novemba

Saa saba mchana. Kibanda kitupu, feni inazunguka. Mama Prezida aliingia peke yake, bila simu mkononi. Akafunga mlango. Akakaa kwenye kiti cha wateja na akavua wigi.

Nywele zake fupi, nyingi nyeupe. Zimelala kichwani kwa jasho. Kisha akatoa kifuani leso moja, ya pili, ya tatu, ya nne, zote zimelowa, akazipanga kwenye goti. Kumbe. Ule ukavu wote ulikuwa leso.

 Nikageuza feni imwelekee.

Akaweka seti yake juu ya meza yangu. Blauzi, gile, vesti. Akasema: "Unishonee kama ya kwako."

Nikamuuliza joto hilo tangu lini. Akasema miaka miwili. Mume wake anajua? Akatikisa kichwa. Basi.  Nilimpima mabega na kifua kwa tepu, na yeye akafumba macho.

Nilichukua wembe nikaanza kufumua blauzi. Nilipofika kwenye kola nikasikia anakoroma. Hata kukoroma anakoroma nusu noti chini. Mashine ingemwamsha. Nikatafuta sindano, nikashona kwa mkono.