Vitumbua vya Ghorofa ya Nne

Barabara ya 12, Tanga
3 Agosti 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, kifua cha mama tu ndicho kinamsumbua asubuhi. Wewe je, joto la Maskati linakuachia ulale?

Baba, ghorofa limekwisha! Tajiri aliyejenga kwenye kiwanja chetu ametimiza ahadi, ametupa vyumba vitatu ghorofa ya nne. Kila nikigeuka naona jengo jingine linapanda. Na maji, baba, yanatoka bombani hukohuko juu!

Lakini mama hataki kufungua mizigo. Chini ni maduka tu, na jiko la mkaa haliruhusiwi, ni la gesi tu. Anasema, "Zamani wateja walinikuta barazani. Huko juu vitumbua nitawauzia kunguru?" Anataka tupangishe, turudi Moa kwa bibi. Mimi sitaki kuondoka Tanga. Mwambie, baba.

Mwanao,
Shadya

Maskati
9 Agosti 2025

Mwanangu Shadya,

Marahaba. Mimi mzima, ila mgongo unalalamikia usukani wa lori. Mpe mama yako pole ya kifua.

Nimempigia. Kanijibu, "Basi njoo uuze wewe."

Ujana wangu nilikaa Unguja, kwenye majumba ya Michenzani. Mama mmoja wa juu alikuwa akishusha kapu kwa kamba, ananunua mboga bila kushuka. Nyinyi uzeni hivyohivyo. Tatizo ni kuita wateja. Mama yako hawezi kupaza sauti. Na wewe mgeni akija unakimbilia jikoni. Sikulazimishi, mwanangu.

Baba yako,
Haji

Tanga
14 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Leo nimejaribu. Nimeita kwa sauti ndogo, kama ya kumwamsha mgonjwa, hakuna aliyesikia. Vitumbua tumekula wenyewe. Mama anafunga masufuria, Jumamosi tunaondoka.

Shadya

Tanga
15 Agosti 2025

Baba! Shikamoo, afya tutaulizana baadaye!

Asubuhi nimemwomba mama akaange mara moja tu. Nikashika kingo za roshani, nikafumba macho, nikapiga ukelele: "Vitumbua! Vya moto! Tazameni juu!"

Mwinyijuma wa bajaji akasimama. "Alaa! Kumbe mtoto wa Haji ana sauti? Sisi tulijua bubu!"

Kijiwe kizima kikacheka. Miguu ilitaka kukimbia, lakini kapu lilikuwa limeshafika chini na Mwinyijuma anatia hela. "Vitano, na usinidondoshee kichwani!"

Wakaja wengine. Mara Bi Mwamvua wa ghorofa ya pili akanyoosha mkono dirishani, akalidaka kapu njiani! Wa chini wakapiga kelele, "Foleni, bibi we!" Naye akawajibu, "Foleni yangu inaanzia huku!" Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakoroga unga mwingine.

Sasa sauti imenikauka. Mama yupo sebuleni, anapima dirisha kwa khanga yake. Anauliza, unapenda mapazia ya rangi gani?

Mwanao,
Shadya