Aliyechoma Mizinga ya Baba

Ipole,
14 Septemba 1975

Kaka yangu mpendwa Sylvester,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Chemchem, wewe na shemeji Josepha na watoto, na kwamba kazi ya reli haijakumaliza mgongo. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakohoa kidogo, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Tangu jana ananisema kwa sababu sili.

Barua yako niliipata, na kama ulivyoagiza niliisoma mbele ya mkutano wa kijiji. Katibu ni mimi, nani mwingine angeisoma? Nilipofika pale uliposema kwamba aliyechoma mizinga ya marehemu baba hastahili hata maji ya kunywa, wazee waliitikia kwa kishindo. Wana haki. Msitu uliungua hadi ng'ambo ya njia ya zamani ya misafara, na nyumba nyingi hazitakuwa na asali mwaka huu wala ujao. Damas alionekana jioni ile akitoka msituni na mwenge wa kurinia asali. Alisema alikwenda kwenye mzinga wake na mwenge aliuzima vizuri. Hakuna aliyemwamini. Mwenyekiti wetu, mzee Lugembe, akatamka kwamba atengwe: asisalimiwe, asipewe moto wala maji, asisaidiwe hata kwenye msiba, na atakayevunja amri naye atengwe. Mimi nikaandika.

Unamjua Damas, mlichunga pamoja. Mtu wa utani, hakosi neno. Siku hizi anapita watu wanageuza nyuso, na hata mluzi ameacha kupiga. Darasa la kisomo cha watu wazima walimfukuza akiwa ndiyo kwanza anajifunza kuandika jina lake.

Wiki iliyopita mama yake alifariki, yule bibi mkunga aliyenipokea mimi duniani. Hakuna aliyekwenda. Damas na mkewe Veneranda walichimba kaburi wawili tu, tangu asubuhi hadi alasiri, na ardhi yetu ya Septemba unaijua. Nyumbani kwetu jembe lilikuwa linasikika. Mama alilia akitaka kwenda, nikamzuia.

Jana Damas alikuja ofisini, akasimama mlangoni. Aliniomba nimwandikie mwenyekiti kwamba anakiri moto ni wake na anaomba msamaha. Nikamuuliza kama kweli ni wake. Akasema si wake, ila Veneranda amekaa matanga bila mtu wa kumwambia pole, na yeye amechoka kuwa na haki peke yake. Nikachukua kalamu, nikaandika jina lake, kisha nikaiweka chini. Nikamwambia arudi leo mchana. Akanishukuru. Alinishukuru mimi, kaka!

Moto ule ulikuwa wangu. Jioni ile nilikwenda kurina mizinga ya baba, na nilipomaliza nikauchomeka mwenge mchangani chini ya mninga, nikidhani umekufa. Baadaye nilirudi kuangalia, nikaona moto ulianzia pale pale. Nilitaka kusema mkutanoni, lakini watu walikuwa na hasira na Damas tayari amesimamishwa katikati. Niliogopa, basi. Sina sababu nyingine iliyo nzuri zaidi.

Nikimaliza barua hii nakwenda kwa mzee Lugembe, kisha nitasema mbele ya wote, Damas akiwepo. Adhabu itakuwa ile ile, nami nitaiandika mwenyewe kabla sijakabidhi daftari. Usije kuniombea. Kwa mizinga ningeweza kujitetea kwamba nilikosea. Kwa kaburi lile sina la kusema. Ila mama njoo umchukue, asije akakosa maji kwa ajili yangu.

Msalimie shemeji Josepha na watoto, ikiwa utaona salamu zangu bado zinapokelewa. Usiponijibu nitajua kwamba nawe umeshika amri ya kijiji, wala sitanung'unika.

Mdogo wako,
Anselm